Meza, Ubao na Kitabu: Kusoma katika Chuo Kidogo cha Kikatoliki Kisicho na Mihadhara

Ukiingia darasani Thomas Aquinas College kwa mara ya kwanza, utatafuta mahali mwalimu anaposimama na hutapaona. Kuna meza kubwa, viti vimeizunguka, na wanachuo kati ya 15 na 20 wameketi wakitazamana. Mkufunzi naye yumo miongoni mwao, na kitabu kilicho wazi mbele yake ni kilekile walicho nacho wao. Hatoi mhadhara wala hagawi makaratasi. Anauliza swali, na kuanzia hapo kazi ni ya wote waliopo.

Chuo hiki kiko California, kando ya barabara ya kutoka Santa Paula kwenda Ojai, kwenye bonde linalopakana na msitu wa taifa wa Los Padres. Kilianzishwa na walei Wakatoliki mwaka 1971 huko Calabasas, kikahamia kilipo sasa mwaka 1978. Mwaka 2019 kikafungua kampasi ya pili Northfield, Massachusetts, kwenye majengo ya shule ya zamani iliyoanzishwa na mhubiri Dwight L. Moody. Hata ukijumlisha kampasi zote mbili, wanachuo wake hawafikii idadi ya wanafunzi wa sekondari moja kubwa ya bweni kwetu.

Udogo huo una faida zake, lakini vyuo vidogo ni vingi Marekani. Cha pekee hapa ni kwamba hakuna kuchagua fani. Kila mwanachuo, kwa miaka minne, husoma masomo yaleyale kwa mpangilio uleule: theolojia, falsafa, hisabati, sayansi ya maumbile, lugha, muziki, pamoja na semina ya fasihi, historia na siasa. Vitabu vya kiada havitumiki. Jiometri husomwa kwa Euclid mwenyewe, mwendo wa sayari kwa Ptolemy, Copernicus na Kepler, na mekanika kwa Newton. Shahada ni moja kwa wote, ya sanaa zilizoitwa huru tangu enzi za Warumi. Majina ya sanaa hizo saba tunayo kwa Kiswahili siku nyingi: sarufi, mantiki, balagha, hesabu, jiometri, muziki na falaki.

Anayefikiria kwenda huko, au kumpeleka mtoto, aelewe jambo moja kabla ya mengine yote: katika chuo cha namna hii mwanachuo huondoka mezani na kiasi kinacholingana na alichokuja nacho. Hakuna mhadhara wa kumfidia aliyekuja mikono mitupu, wala daftari la mwenzake la kunakili usiku wa kuamkia mtihani. Kwa hiyo mengi yaliyo hapa chini yanahusu maandalizi.

Semina

Semina hufanyika jioni, mara mbili kwa wiki, na huanza kwa swali moja la mkufunzi. Chukua Iliad ya Homer, utenzi wa Kigiriki juu ya vita vya Troy na kitabu cha mwanzo kabisa cha mwaka wa kwanza. Swali linaweza kuwa hili: shujaa Achilles anaporudi vitani, amemsamehe Agamemnon, mkuu wa jeshi aliyemkosea, au hasira yake imehamia tu kwa Hector wa Troy? Anayetaka kujibu lazima arudi sehemu ya 9, wajumbe wanapokwenda kumbembeleza. Aende ya 16, rafiki yake Patroclus anapouawa na Hector. Apite ya 19, wanapopatana mbele ya jeshi. Na asiache ya 24, mzee Priam anapokuja usiku kuomba maiti ya mwanawe Hector. Kama umesoma ili kumaliza tu, sehemu hizo zitakuwa zimechanganyika kichwani na hutaweza kuzishika kwa pamoja.

Maandalizi yanayofaa huwa hivi. Soma mara ya kwanza mfululizo, bila kalamu, ujue habari inaelekea wapi. Mara ya pili shika penseli, na pembeni mwa ukurasa tia alama pale ulipokwama, pale unapoona mwandishi anajipinga, au pale mtu anapotenda jambo ambalo wewe usingelitenda. Halafu funga kitabu. Andika maswali matatu kwenye kipande cha karatasi, na kila swali uliwekee namba ya ukurasa au ya mstari. Swali lisilo na namba mara nyingi ni maoni yaliyovaa nguo ya swali, na mezani litaanguka dakika ya pili.

Kupanga muda kwa kuhesabu kurasa ndiko kunakowaangusha wageni wengi. Ushairi wa Homer huenda haraka, na kurasa hamsini unaweza kuzimaliza kwa jioni moja ukiwa umetulia. Kurasa tatu za Aristotle kuhusu mantiki zinaweza kula saa mbili nzima, na ukizisoma kwa mwendo wa Homer utatoka bila kitu. Ni vizuri kila Jumapili kutazama kazi za wiki na kuzipanga kwa ugumu, ngumu zikapewa saa za asubuhi na nyepesi zikaachiwa baada ya chakula cha jioni.

Mwanafunzi aliyekulia Tanzania, Kenya au Uganda ana kazi ya ziada hapa, na ni vyema isemwe wazi. Amelelewa kunyamaza mkubwa anapoongea, kunakili kilichoandikwa ubaoni, na kutompinga mwalimu hadharani. Hiyo ni adabu, na hakuna haja ya kuitupa. Lakini kwenye meza hii kunyamaza huhesabiwa kuwa hukuja, na alama za semina hutokana kwa sehemu kubwa na ushiriki. Njia nyepesi ya kuanza ni kujiwekea sharti la kusema jambo moja kabla nusu ya kwanza ya semina haijaisha, hata likiwa fupi kama: “Unasema hivyo ukitegemea ukurasa gani?” Sentensi hiyo haihitaji Kiingereza cha mapambo, na mara nyingi ndiyo inayoyarudisha mazungumzo kitabuni. Adabu nayo ina mahali pake, kwa kuwa wakufunzi na wanachuo huitana Bwana fulani na Bi fulani kwa jina la ukoo darasani, hata kama mchana walikuwa uwanja mmoja wa mpira. Mtu wa Pwani aliyezoea heshima za barazani ataona ni jambo la kawaida. Unaweza kumpinga mtu vikali zaidi unapomwita Bwana, kwa sababu neno lenyewe limekwisha kumhakikishia kwamba humdharau.

Semina huharibika kwa njia chache zinazojirudia. Kuna anayekuja na hotuba aliyoitunga chumbani na kuingoja nafasi yake. Anapoitoa, mazungumzo yalishaondoka hapo robo saa iliyopita. Kuna anayeleta alichosoma kwenye utangulizi wa mhariri au kwenye intaneti. Hilo hukataliwa, na sababu yake ni ya haki: wenzake hawawezi kukagua kitu ambacho hakipo mezani, kwa hiyo wanabaki kuamini au kutoamini, na kufikiri kunakoma. Na kuna semina ambamo wawili wanaongea na kumi na tano wanatazama. Mkufunzi anaweza kuingilia, lakini dawa bora hutoka kwa wanachuo wenyewe, pale mmoja wa wale wawili anapomgeukia aliyenyamaza na kumwuliza ameonaje.

Ubaoni

Hisabati ya mwaka wa kwanza ni kitabu cha Euclid kiitwacho Elements. Kina sehemu 13 na kauli 465, yaani mambo ya kujenga au kuthibitisha, na sehemu ya kwanza peke yake ina kauli 48. Mwanachuo huitwa ubaoni bila kitabu na bila karatasi, achore umbo, aseme kilichotolewa na kinachotafutwa, kisha athibitishe hatua kwa hatua huku akitaja sababu ya kila hatua.

Kauli ya kwanza inaonekana kama mchezo wa watoto: jenga pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa juu ya mstari uliopewa. Una mstari AB. Weka ncha ya bikari A, ifungue hadi B, chora duara. Hamia B, ifungue hadi A, chora duara la pili. Maduara yanakatana C. Unganisha C na A, kisha C na B. AC ni sawa na AB kwa kuwa zote zinatoka kwenye kitovu cha duara moja kwenda kwenye mzingo wake. BC ni sawa na BA kwa sababu hiyohiyo. Na vitu viwili vilivyo sawa na kitu kimoja, vyenyewe ni sawa. Umemaliza, unaweka chaki chini, na hapo mtu wa upande wa pili wa meza anauliza: umejuaje kwamba maduara hayo yanakatana?

Ni kweli yanaonekana yakikatana. Lakini katika kanuni tano ambazo Euclid anaomba akubaliwe mwanzoni, hakuna inayosema hivyo. Pengo hilo lipo, na wanahisabati wa baadaye walilitaja. Mkufunzi mzuri hatalifunika. Ataliacha darasa likae nalo, kwa sababu siku ile ndiyo mwanachuo anatofautisha kuona na kuthibitisha, na somo hilo halipatikani kwa kuambiwa.

Kauli ya pili huwaudhi wengi: kuhamisha urefu wa mstari kutoka mahali pamoja hadi pengine. Kwa nini usiupime kwa bikari tu ukaubeba? Kwa sababu kanuni za Euclid zinaruhusu kuchora duara lenye kitovu na umbali uliopewa, basi. Hazisemi kwamba unaweza kunyanyua bikari ikiwa imefunguka. Ni kama bikari inayojifunga kila inapoinuliwa. Akilielewa hilo, mwanachuo huanza kusoma kanuni kwa kile zinachoruhusu na kile zisichoruhusu, na hiyo ni nusu ya kazi ya mwaka.

Kauli ya tano ndiyo watu wa zamani waliyoiita daraja la punda: pembetatu ikiwa na pande mbili sawa, pembe za kwenye kitako ni sawa. Walioanguka hapo mara nyingi hawakushindwa na mantiki. Walishindwa na mchoro, kwa sababu pembetatu mbili zinazolinganishwa zimelaliana na kutumia mstari mmoja. Wakati wa kujiandaa, zichore pembetatu hizo mbili mbali mbali, kila moja na herufi zake, uthibitishe ulinganifu wao, kisha uzirudishe kwenye umbo moja.

Kosa kubwa kuliko yote ni kukariri uthibitisho kama sala. Aliyekariri hujulikana mara moja, maana ukimbadilishia herufi au ukauchora mchoro ukiwa umepinduliwa, ananyamaza. Kwa hiyo nyumbani fanya hivyohivyo mwenyewe. Badilisha herufi. Geuza umbo. Usichore pembetatu nzuri mno, kwa kuwa ukiichora ikifanana na yenye pembe mraba utajikuta unatumia pembe mraba ambayo hukupewa. Kabla ya kila hatua jiulize ninakosa nini, na kauli gani kati ya zilizokwisha kuthibitishwa inaweza kunipa. Uthibitisho uliojengwa hivyo ukikatika ubaoni, unaweza kuuunga palepale. Uliokaririwa ukikatika, umekwisha.

Sehemu ya kwanza hukaribia mwisho kwa kauli ya 47, ambayo kila aliyesoma sekondari anaijua kama kanuni ya Pythagoras. Tofauti ni kwamba hapa hakuna herufi zenye kipeo cha pili. Kuna miraba mitatu halisi iliyochorwa juu ya pande tatu. Kutoka kwenye pembe mraba unashusha mstari sambamba na ubavu wa mraba mkubwa, unaugawa mraba huo kuwa mistatili miwili, na unaonyesha kwamba kila mstatili ni sawa na mmoja wa miraba midogo. Yeyote aliyeipata mwenyewe ubaoni hawezi kuiona tena kama fomula.

Jambo la kuangaliwa mapema: kanuni ya tano, ile ya mistari sambamba, Euclid haitumii mpaka kauli ya 29. Weka alama hapo. Utaihitaji siku utakapokutana na mwanahisabati Mrusi Lobachevsky, aliyeanza kuchapisha mwaka 1829 jiometri inayokwenda bila kanuni hiyo, na kuona kwamba kauli 28 za kwanza zimesimama palepale wakati nyumba iliyobaki imejengwa upya.

Katika mwaka wa pili ubao unabaki, umbo linabadilika. Apollonius anafundisha jinsi koni inavyokatwa na kutoa duaradufu, kazi iliyofanywa karne nyingi kabla mtu yeyote hajaihitaji kwa sayari. Ptolemy anaweka dunia katikati na kuzipandisha sayari kwenye duara dogo linalobebwa na duara kubwa, na mwanachuo hulazimika kuifanya hesabu hiyo mwenyewe mpaka aone kwa nini ilikubalika kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kisha anakuja Kepler, aliyekataa kuupuuza upungufu wa dakika 8 za pembe kati ya hesabu yake na vipimo vya mwanafalaki Tycho Brahe juu ya sayari ya Mirihi, na mwaka 1609 akatangaza kwamba njia ya sayari hiyo ni duaradufu. Aliyemruka Apollonius kwa kuona hana faida hukwama hapa, na hukwama tena kwa Newton.

Kilatini kwa mzungumzaji wa Kiswahili

Kilatini husomwa miaka miwili ya mwanzo, na ndilo somo ambalo Mswahili anaingia nalo akiwa mbele ya wengi bila kujua. Mmarekani wa kawaida hushtuka akiambiwa kivumishi kinabadilika kulifuata jina. Sisi tunasema kitabu kizuri, mti mzuri, maji mazuri, tangu tukiwa watoto. Upatanisho uko kwenye damu ya lugha yetu.

Hata mtego wake tunaujua. Neno agricola, mkulima, lina mwisho wa -a kama maneno mengi ya kike, na anayeanza huandika bona agricola. Kumbe ni bonus agricola, maana mkulima huhesabiwa mwanamume na kivumishi hufuata jinsia ya jina, hakifuati sauti ya mwisho wake. Kwetu kiongozi ana ki- lakini hakuna anayesema kiongozi kizuri. Ni kiongozi mzuri. Ukikumbuka kiongozi, hutakosea agricola.

Vitenzi navyo vinafanana kwa namna ya kioo. Sisi tunasema nitaimba: ni-, kisha -ta-, kisha imba. Mlatini anasema cantabo: canta, kisha -b- ya wakati ujao, kisha -o ya mimi. Viungo ni vilevile vimepangwa kinyumenyume. Kwa hiyo lazima ujizoeze kutazama mkia wa neno kabla ya kichwa, na hilo linahitaji mazoezi kuliko maelezo. Robo saa asubuhi na robo saa jioni, kila siku, ukiandika minyambuliko kwa mkono bila kutazama, hufaa zaidi ya saa nne za Jumamosi.

Ugumu wa kweli uko kwenye nomino, ambazo hubadilisha mwisho kufuata kazi zake katika sentensi. Puella agricolam videt na agricolam puella videt zote ni msichana anamwona mkulima, kwa kuwa -m ndiyo inayomtambulisha anayeonwa. Mpangilio wa maneno hausaidii. Anayetafsiri kwa kufuata maneno yalivyopangwa atapatia mara tatu na kukosea ya nne bila kujua kwa nini. Tafuta kitenzi kwanza, soma mwisho wake ujue mtenda ni mmoja au wengi, tafuta nomino inayokubaliana naye, ndipo uyapange yaliyobaki.

Kusoma Thomas wa Akwino bila kumgeuza

Theolojia huanza na Biblia mwaka wa kwanza, hupita kwa Agostino na mababa wengine, na miaka ya juu hukaa na Summa, kitabu kikubwa cha theolojia cha Mtakatifu Thomas wa Akwino. Kila makala ya Summa ina umbo moja. Swali linatangulia. Zinafuata hoja kadhaa za upande ambao mwandishi hatakubaliana nao, kisha kauli fupi ya upande wa pili, kisha jibu lake mwenyewe, na mwishoni anazijibu zile hoja za mwanzo moja baada ya nyingine.

Msomaji mgeni hufungua, anasoma mistari mitano ya kwanza, anainakili kwenye insha kama msimamo wa Mtakatifu Thomas, na ameandika kinyume kabisa cha alichofundisha. Kosa hili ni la kawaida hata kwa watu wanaobishana hadharani. Njia salama ni kusoma hoja za mwanzo, kufunika ukurasa kwa karatasi, na kujaribu kuzijibu mwenyewe kwa maandishi kabla ya kusoma jibu. Ukiona hoja ya pili inakushinda, umejua pa kusoma polepole. Anayekimbilia jibu moja kwa moja hupata hitimisho bila kuhisi uzito wa tatizo, na mezani akiulizwa kwa nini mtu mwenye akili angefikiri vingine, hana la kusema.

Kusikia ukizungumzwa

Kuna desturi waliyoichukua Oxford, inayoitwa Don Rags. Mwanachuo anakaa mbele ya wakufunzi wake wote, nao wanazungumza juu yake kana kwamba hayupo: Bwana fulani amekuwa akijiandaa vizuri kwenye hisabati, lakini kwenye falsafa haelekei kusikiliza wenzake. Mmoja anaongea, mwingine anaongeza. Wakimaliza, anapewa nafasi ya kujibu au kuuliza.

Kwa mtu aliyezoea kuletewa ripoti ya alama ndani ya bahasha, jambo hili linatisha. Lakini ni mojawapo ya mambo yenye huruma zaidi katika chuo kizima, kwa sababu alama ya C haielezi chochote, na sentensi ya mkufunzi aliyekutazama kwa miezi inaeleza. Ingia na daftari. Andika wanavyosema kwa maneno yao. Usianze kujitetea, uliza mfano mmoja, siku au somo ambapo jambo hilo lilionekana. Na kama wakufunzi wawili wamesema jambo lilelile bila kushauriana, hilo ndilo la kushughulikia muhula unaofuata.

Siku za kawaida

Misa huadhimishwa kila siku na hakuna anayelazimishwa, ingawa kanisa hujaa. Kanisa la California liliwekwa wakfu tarehe 7 Machi 2009, na tarehe hiyo ni ile Thomas wa Akwino aliyofariki mwaka 1274. Wasio Wakatoliki hupokelewa chuoni, na mezani hoja zao hupimwa kama za wengine.

Mabweni ya wanaume na ya wanawake yako mbalimbali na hakuna kutembeleana ndani. Pombe hairuhusiwi kampasi. Darasani wanaume huvaa suruali na shati la kola, wanawake gauni au sketi. Ijumaa jioni baadhi ya wiki kuna mhadhara au tamasha la muziki ambalo wote huhudhuria, na baada ya mhadhara msemaji huulizwa maswali mpaka wanachuo wachoke. Kimaumbile bonde la California ni kavu, na moto ni jambo la kweli: moto mkubwa wa Desemba 2017 ulianzia jirani kabisa na chuo, wanachuo wakahamishwa usiku. Northfield shida ni baridi na theluji, kwa hiyo bajeti ya anayetoka Mwanza au Mombasa iwe na koti zito na viatu visivyopitisha maji.

Anayehitaji msaada wa ada hupangiwa kazi ya saa 13 kwa wiki: kuosha vyombo jikoni, kusafisha madarasa, bustani, maktaba, ofisi. Kiasi hicho kimo ndani ya saa 20 ambazo viza ya F-1 inamruhusu mwanafunzi kufanya kazi kampasi wakati wa muhula. Usikubali zamu ndefu siku ya semina kama unaweza kuiepuka, kwa sababu uchovu wa jikoni huonekana mezani saa mbili usiku.

Mlolongo wa viza uanze mapema. Chuo kikishakukubali na kuona ushahidi wa fedha hutoa fomu ya I-20, inayohitajika kuombea viza ya mwanafunzi. Baada ya hapo unalipa ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, ndipo unaomba siku ya mahojiano ubalozini. Taratibu hubadilika mara kwa mara, hivyo thibitisha kila hatua na ubalozi wenyewe. Katika mahojiano utaulizwa unakwenda kusoma nini, na jibu la “kila kitu” halitoshi. Sema ni shahada ya kwanza yenye mtaala mmoja wa falsafa, theolojia, hisabati na sayansi, na ueleze unakusudia kufanya nini nayo ukirudi.

Hapo ndipo familia inapaswa kuwa wakweli. Shahada hii haikupi leseni ya uhandisi, uuguzi wala uhasibu. Inafaa kwa anayelenga sheria, ualimu, upadri au utawa, uandishi, au masomo ya juu, na hata hao wengi watahitaji shahada nyingine juu yake. Kwa Tanzania, vyeti vya nje hupelekwa TCU, tume ya vyuo vikuu, kutathminiwa, kwa hiyo tunza maelezo rasmi ya kila somo ulilosoma, maana neno moja tu kwenye cheti halitamweleza mtathmini kwamba ulifanya hisabati miaka minne.

Mwaka wa nne kila mwanachuo huandika tasnifu na kuitetea kwa mdomo mbele ya wakufunzi. Wanaoteseka ni waliochagua mada pana, kama haki au uhuru. Wanaokwenda vizuri ni waliochagua swali lenye ukurasa: kwa nini Aristotle anasema hivi hapa wakati pale alisema vile. Kwa kuwa wote chumbani wamesoma vitabu vilevile, utetezi unaweza kugeuka upande wowote. Aliyeandika juu ya Dostoevsky anaweza kuulizwa kama hoja yake ina umbo la uthibitisho au la mfano, akaombwa aeleze tofauti, na kujikuta akirudi kwenye kauli ya kwanza ya Euclid, kwenye maduara mawili ambayo hakuna aliyethibitisha kwamba yanakatana.